Uvumi hauuawi kwa kifungo

Mwanafunzi mwenzangu ameandika kwamba uvumi wa WhatsApp hapa Kigoma utakoma sheria zikikazwa. Zikazwe kiasi gani tena? Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tayari kinampa mwenye kusambaza taarifa za uongo faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Na uvumi upo, mzima wa afya, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji.

Anasema pia msema kweli hana cha kuogopa. Amesahau ya jirani. Oktoba 2018 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, alidai hadharani kwamba polisi walikuwa wameua raia Uvinza. Alishtakiwa kwa uchochezi, na Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa maneno ya uchochezi kwa mwaka mmoja. Tuseme alikosea hesabu ya waliouawa. Je, sisi wa mkoa huu tulipata kujua kilichotokea kule? Katikati ya kesi hiyo, Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu vya uchochezi katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hilo mwenzangu hakuligusa, ingawa anasoma sheria.

Hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi Mei 2024, wavuvi walitaka tarehe na sababu, siyo vitisho. Mwenye taarifa azitoe mapema, polisi watapumzika.