Kila Utungo na Nakala Tatu

Washairi wengi wa Pemba siku hizi hutunga simuni, na tungo zao huziacha humo humo. Kwa maoni yangu, huko ni kuziweka rehani. Simu huibwa, huzama, huharibika. Na diwani nzima hupotea nayo.

Tungo za Kamange na Sarahani, magwiji wetu waliovuma karne ya 19, zilituwasili kwa kupita vifuani na mikononi mwa wengi, hata mwaka 2011 zikachapishwa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba. Lau zingekaa kwa mtu mmoja, leo tungebaki na majina matupu.

Basi kila utungo uwe na nakala tatu: simuni, katika flashi iliyofungiwa kabatini, na katika baruapepe unayojitumia mwenyewe. Hifadhi maandishi, si picha ya ukurasa, kwani maandishi hutafutika na kunakilika kwa wepesi. Kabla ya hayo, zima kisahihisho cha simu: kisichojua Kipemba hubadili neno na kuvunja mizani, nawe ukahifadhi kosa mara tatu.

Wahenga walikwishanena: mali bila daftari hupotea bila habari.