Mkuu Asiposema

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii humlaumu mdogo aliyeziba masikio. Aghalabu upande wa pili hauulizwi: je, mkuu akijua hatari na asiseme, guu likivunjika alipe nani? Swali hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutokana na kesi iliyofunguliwa na mabaharia wawili pamoja na wake zao.

Katika manowari za Marekani za karne ya 20, asbesto ilitumiwa sana kwa kuwa haishiki moto. Pampu zilizosukuma maji na mafuta zilifungwa kwa gasketi za asbesto, mihimili yake ikazungushiwa kamba zilizosokotwa kwa asbesto ili isivuje, na zile za moto zikavikwa koti la dutu iyo hiyo. Vitu hivyo vilichakaa upesi. Fundi alilibandua koti, akaikwangua gasketi iliyogandamana na chuma, akaing'oa kamba kuukuu na kutia mpya. Vumbi lilitanda katika chumba chembamba chini ya sitaha, naye akalivuta. Nyuzi zenyewe hazionekani kwa macho, na nyingi zikishaingia mapafuni hazitoki. Saratani ya utando wa mapafu inayosababishwa nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, baharia akiwa keshaiaga bahari zamani.

Mmoja wa mabaharia hao alihudumu kati ya mwaka 1957 na 1960. Ikumbukwe kuwa Uingereza ilikuwa imetunga kanuni za kudhibiti vumbi katika viwanda vya asbesto tangu mwaka 1931. Familia hizo ziliamini kwamba sheria ingelikinga jeshi la wanamaji, ilhali baadhi ya watengenezaji wa asbesto walikuwa wamekwisha kufilisika. Zikawashtaki waliounda pampu na mitambo mingine. Hao walijitetea kwamba waliuza chuma kitupu; asbesto ilitiwa baadaye na wengine. Wote wawili walifariki dunia kabla ya kesi kukamilika.

Tarehe 19 Machi 2019, majaji 6 dhidi ya 3 waliukataa utetezi huo, wakaruhusu kesi iendelee. Waliamua kuwa, katika sheria ya bahari, ikiwa mtambo unahitaji kiungo fulani ili ufanye kazi, na muundaji anajua au ana sababu ya kujua kuwa viwili hivyo vikiungana huenda vikadhuru, naye hana sababu ya kuamini kuwa mtumiaji ataitambua hatari hiyo, basi ni wajibu wake kuonya.

Majaji waliopinga walishikilia kuwa anayepaswa kuonya ni aliyetengeneza kitu chenye madhara. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Pampu isiyoweza kufanya kazi bila asbesto haikuwa chuma kitupu ila kwa jina. Isitoshe, onyo halina gharama kubwa: ni maneno machache yaliyobandikwa mahali pa kuonekana. Maneno hayo yangemwezesha fundi kulowesha gasketi kabla ya kuikwangua, au kudai kifaa cha kuchuja hewa.

Na kwa kuwa onyo ni maneno, suala hili linamhusu pia mwanafunzi wa lugha. Kanuni za kimataifa zilizuia asbesto mpya katika meli, isipokuwa katika sehemu chache, kuanzia Julai 2002. Kuanzia Januari 2011 hata hizo chache zikakatazwa. Hata hivyo, meli kuukuu bado hufungasha asbesto iliyotiwa zamani, na meli haina kwao: leo iko Ulaya, kesho imetia nanga Mombasa kungoja fundi. Fundi huyo akiwekewa onyo kwa lugha asiyoimudu, hajaonywa. Anayejua anadaiwa mambo mawili: kusema, na kusema kwa lugha ya anayesikiliza. Akishayatimiza, hapo ndipo methali ile itakapokuwa na haki ya kumlaumu mdogo.