Bifu la Redio ya Kuzungusha: Staa wa Mbeya Kachekwa Bure, Ila kwenye Redio Yenyewe Kapigwa

Wadau wa mitandaoni wamepata cha kutafuna. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, kijana wa Green City ambaye hana haja ya kutajwa maana mtaa mzima unamjua, kaposti klipu akiwa kambini Kitulo na timu yake. Hema limesimama, ukungu umetanda, maua kila upande, na mkononi kashika redio ndogo ya rangi ya chungwa yenye mkono wa kuzungusha pembeni. Kapsheni: "Umeme ukate, mimi nipo hewani."

Komenti zikamwagika. "Babu karudi mjini." "Si ununue pawabenki, kaka?" "Kiki za albamu hizo." Halafu akaingia dada mmoja wa Iringa, mtangazaji wa zamani ambaye siku hizi ana podikasti yake, akamwaga petroli: eti redio ni vitu vya wazee, na mtu mwenye jenereta nyumbani asijifanye anajua shida za mgao. Hapo ndipo bifu lilipowaka, na mashabiki wa mikoa miwili wakaanza kurushiana maneno kama siku ya dabi.

Kwenye kumcheka redio, waliomcheka wamekosea.

Kijana mwenyewe alieleza kwenye laivu usiku uliofuata, bila mbwembwe, sauti imeshuka. Mama yake anaishi kijijini Rungwe. Mwaka juzi alimnunulia spika kubwa ya bluetooth yenye redio ndani, taa za rangi, kila kitu. Masika yakaja, upepo ukaangusha nguzo, umeme ukakata siku mbili. Spika ikazima. Simu ya mama nayo ikazima. Kaka wa mama akafariki wilaya ya jirani, tangazo la msiba likasomwa kwenye kituo cha redio cha huko, asubuhi na jioni. Mama hakusikia. Alipata habari mjomba akiwa tayari kazikwa.

"Mwanangu, ile redio yako nzuri sana kwa ngoma," mama alimwambia. "Ila mimi nilitaka ya kusikia mtu kafa."

Baada ya hapo, anayetaka kucheka acheke. Mtoto wa mjini kifo anakipata kwenye grupu la WhatsApp. Lakini vijiji vya Rungwe, Makete, Kilolo au Mufindi, tangazo la msiba redioni bado ni kitu cha maana, na kukosa mazishi ya ndugu si jambo la kuomba radhi kwa meseji.

Na isionekane ni mambo ya kijijini tu. Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu, nchi ikaingia giza, na Mei 4 mwaka huohuo ikajirudia. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti chini ya bahari zikakatika, Insta ikawa inazunguka tu kama feni mbovu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa. Siku hizo za intaneti pawabenki ya mtu ilikuwa imejaa, simu ina chaji asilimia mia, na bado hajui kinachoendelea mtaa wa pili. Hapo ndipo hoja ya dada wa Iringa inapochechemea. Alisema mwenye akili anunue sola ndogo achaji simu, basi. Sola ni nzuri, hakuna ubishi. Ila chaji siyo habari. Mnara nao una betri zake za akiba, na umeme ukikata muda mrefu nazo zinaisha. Tena huyu dada jina lake lilitoka redioni, watu wa Mafinga walimjua kwa sauti kabla hawajaiona sura yake. Kuiita redio ya wazee ni kukata tawi alilokalia.

Wengine wakasema simu zina redio. Zipo zenye redio, ila nyingi zinataka waya wa earphone uchomekwe ndiyo uwe antena, na hizi za kisasa wameziba hata tundu la waya. Anayecheka redio ajaribu kwanza kuitafuta kwenye simu yake ya milioni. Kitochi cha vitufe kinamshinda hapo: redio kinayo, tochi kinayo, na chaji inakaa siku kadhaa.

Sasa upande wa pili. Kwenye redio yenyewe, staa kapigwa.

Siku mbili baada ya klipu, aliweka linki ya kuagiza redio ileile kutoka nje, laki na ushee, na kodi ya promo juu. Watoto wa Mwanjelwa wakaanza kuulizana nani anaagiza. Hapo sasa ni pesa za watu, na kitu chenyewe kinastahili kukaguliwa.

Kwanza kile kitufe alichokisifia sana kwenye klipu, kilichoandikwa NOAA, akasema "kinakupa tahadhari ya mvua hapohapo". Hapa Bongo hakikupi kitu. NOAA ni mamlaka ya Marekani, na kitufe kile kinatafuta vituo vya hali ya hewa vya Marekani kwenye megahezi 162 hivi. Ukikibonyeza Kitulo, au Gangilonga, au popote nchi hii, utasikia mchanga unachemka. Tahadhari za TMA zinasomwa kwenye redio za kawaida, FM hizihizi, pamoja na taarifa ya habari. Kwa hiyo mtu analipia kitufe cha nchi nyingine.

Halafu ile sola mgongoni. Ni kipande kidogo kama biskuti, kinataka jua kali la kutwa nzima ndiyo kifanye cha maana. Na Kitulo watu wanaenda lini? Maua yanachanua kati ya Desemba na Aprili, yaani ndani ya mvua. Uwanda wenyewe uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana. Sola ya biskuti kwenye ukungu wa Makete ni pambo. Na anayekwenda miezi ya baridi, Juni na Julai, atakuta jua lakini usiku barafu inalala kwenye majani, na betri za lithiamu kwenye baridi hiyo zinapoteza nguvu haraka. Wenyeji wa kambi wanalala na simu ndani ya blanketi, na siyo kwa sababu wanaogopa wezi.

Kuzungusha mkono je? Wazo lina heshima yake. Muingereza Trevor Baylis alilipata mwaka 1991 baada ya kuona kwenye televisheni habari za UKIMWI Afrika na shida ya kuwafikia watu wasio na umeme wala pesa za betri. Redio yake ilitumia springi, ukiijaza kama saa ya ukutani inajiachia yenyewe taratibu, na zilitengenezwa Cape Town. Hizi za sasa nyingi hazina springi. Mkono unachaji kabetri kadogo kalikofungwa ndani, na kabetri kakichoka unazungusha mpaka bega linauma unapata dakika mbili za taarab. Kukafungua inataka fundi mwenye moyo.

Redio ya maana kwa mazingira haya haina sura ya kupostiwa. Inatumia betri ambazo duka la kijijini linazo: zile kubwa mbili, au ndogo za AA. Au zile redio za Kichina zinazotumia betri ya BL-5C, betri ileile ya Nokia za zamani, ambayo machinga yeyote anayo na unabadilisha kwa kucha. Bei yake haifiki hata robo ya ile ya chungwa. Redio ikikaa kabatini muda mrefu, betri zitolewe, maana za bei rahisi zinavuja maji na kula vyuma vya ndani. Antena iwe ndefu, ya kuvuta.

Na iwe na SW, siyo FM peke yake. Watu wa milimani hili wanalijua bila kusoma. Mawimbi ya FM yanakwenda karibu moja kwa moja kama macho, ukishuka nyuma ya mlima yanakuacha. Jijini Mbeya unapata vituo mpaka unachagua, ila shuka kwenye bonde huko Makete vinakatika kimoja kimoja. Kule Kyela ufukweni si ajabu kudaka Malawi kuliko nyumbani. Mawimbi ya SW yanagonga anga la juu na kurudi chini mbali sana, hayajali mlima, na usiku yanasikika vizuri zaidi. Yana makelele, kweli. Lakini aliyekwama kambini na njia imegeuka tope hachagui makelele.

Staa akikosolewa kwa hayo, ni sawa. Alikuwa na sababu nzuri kuliko wote waliomcheka, halafu akaiuza kwa kodi ya promo bila hata kujaribu kitufe. Linki ingekuwa ya kwake mwenyewe angenunua apendacho. Ikishakuwa ya mashabiki, mmoja wao ana mama kijijini kama wake.

Mama yake naye, kwa mujibu wa laivu ileile, alitumiwa ya chungwa moja. Akashukuru, ndaga fijo, akaifunika kitambaa sebuleni. Ya kusikilizia kanunua mwenyewe siku ya soko Tukuyu, nyeusi, ya betri mbili kubwa, na ameifunga kwa mpira wa baiskeli ili kifuniko kisidondoke.