TAHARIRI: ZAWADI NI KILICHOMO, NA KIFUNGIO KIFAE KESHO

Ndugu Wanaushirika na wanakijiji wote wa Kiegei,

Msimu wa korosho unaelekea ukingoni. Malipo yameanza kuingia, madeni yanapunguzwa, na sikukuu ziko mlangoni. Krismasi na Mwaka Mpya ndizo hizo zinakuja, na baada yake, mwezi ukiandama, Ramadhani na Idd. Huu ndio wakati wa kukumbukana. Mjomba humkumbuka mpwa wake, binti aliyeolewa mbali humkumbuka mama yake, na jirani humkumbuka jirani. Sisi wa gazeti hili la ukutani hatuna ugomvi na zawadi hata kidogo. Neno letu leo ni juu ya yale makaratasi ya kung'aa tunayozifungia.

Najua wako watakaosema, "Jamani, bei ya mnadani inapanda na kushuka, nyinyi mmekosa la kuandika?" Ndugu hao tunawaomba wasome mpaka chini.

Mwaka jana, siku chache baada ya malipo, ilikuwako sherehe hapa kijijini. Mwenye shughuli hatumtaji, kwani kosa halikuwa lake peke yake. Meza iliwekwa mbele, na kijana mwenye kipaza sauti akawa anapokea zawadi na kuzitangaza moja moja. Zilizofungwa kwa karatasi za kung'aa na utepe zilinyanyuliwa juu, watu wakapiga vigelegele. Akaja mama mmoja, mwenzetu katika ushirika, na mbaazi zake na karanga amezifunga furushi katika kanga kuukuu. Kijana akalipokea furushi lile, akalitazama, akalisukuma chini ya meza bila kusema neno. Watu wakacheka. Yule mama hakungoja chakula, akaondoka.

Tunalazimika kujikosoa hapa. Baadhi yetu tunaoandika ukurasa huu tulikuwa tumekaa viti vya mbele. Tuliona, tukanyamaza. Siku ya tatu tulikwenda kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha vizuri, akasema, "Wanangu, kanga ile niliifua mara mbili na kuipiga pasi ya mkaa. Nilidhani nimeleta kitu safi." Hatukuwa na jibu.

Sasa tuulizane: asubuhi yake kilikuwako nini? Zile karatasi za kung'aa zilikuwa zimechanika, zimezagaa uani, mbuzi wanazitafuna. Mbaazi na karanga za yule mama zililiwa katika nyumba ile siku nyingi, na kanga yake mpaka leo inabebea mtoto. Je, ni zawadi ipi iliyokuwa imefungwa vizuri?

Hebu tupige hesabu ndogo, tusiogope. Tuseme karatasi moja na utepe wake ni shilingi 1,000, na nyumba moja inafunga zawadi tano. Hiyo ni shilingi 5,000. Nyumba mia moja zikifanya hivyo, ni shilingi 500,000 zinazokwenda jalalani kwa siku moja. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka. Januari shule zinafunguliwa, watoto wanataka madaftari na sare. Halafu zinafuata Februari na Machi, ambapo ghala la nyumbani limepungua na mahindi mapya bado yako shambani. Ndugu zetu Waislamu wanalijua hili zaidi miaka hii: Idd el Fitr ya mwaka 2025 iliangukia tarehe 31 Machi, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, sikukuu hiyo inazidi kurudi nyuma, inaingia katikati ya miezi ile ile ya upungufu. Shilingi iliyochanwa Desemba itatafutwa Machi, na haitaonekana.

Jambo la pili ni uchafu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walitangulia mwaka 2006. Siku zile wako waliouliza, "Sasa tutabebea nini?" Tulibebea vikapu, tukabebea vitambaa, na maisha yakaendelea. Lakini plastiki tuliyoitoa mlangoni tunairudisha dirishani, safari hii imechorwa maua na nyota. Maana nyingi katika hizo zinazoitwa karatasi za zawadi zimepakwa plastiki, au ni plastiki tupu. Kipimo chake ni rahisi. Ikunje mkononi uwe kama unafinyanga tonge, halafu iachie. Ikibaki imejikunja, hiyo ni karatasi. Ikijifungua yenyewe, hiyo ina plastiki: haiozi shimoni, ukiichoma inatoa moshi mbaya, na mbuzi akiila inamkaa tumboni.

Basi tufungie nini? Hatutaki kulaumu bila kuonyesha njia. Tumeuliza akina mama, tumewauliza mafundi cherehani, na haya ndiyo tuliyokusanya.

Kwanza, FURUSHI LA KANGA. Tandaza kanga, kunja upande mmoja upate mraba. Weka zawadi katikati. Chukua pembe mbili zinazotazamana, zifunge juu ya zawadi. Kisha chukua mbili zilizobaki, zifunge juu ya fundo la kwanza, na masikio yake yawe ndiyo mshikio. Funga hivi: pembe ya kulia ipite juu ya kushoto, halafu ile ya kushoto ipite juu ya kulia. Fundo la namna hiyo halilegei njiani, na hufunguliwa bila kisu. Kama unampa mtu doti nzima, ikate na kuipinda. Kanga moja iwe ndani pamoja na sukari au mchele, ya pili iwe furushi. Hapo hakuna kinachotupwa. Ila angalia jina la kanga kabla ya kuifungia. Kanga inasema, na usije ukampelekea wifi yako salamu za sikukuu katika kanga ya mafumbo, ukaleta ugomvi wa bure.

Pili, MFUKO WA VIPANDE. Mafundi cherehani wetu wana vipande vya vitenge vilivyobaki, vingine vinaishia kufutia mashine. Viunganishwe, vishonwe mfuko, na juu ipitishwe kamba ya kukaza. Mfuko huo ukishatoa zawadi unahifadhi mbegu, madaftari ya mtoto au kunde za jikoni.

Tatu, CHOMBO CHENYEWE. Kikapu cha mianzi, jamanda, ungo, kibuyu, beseni au ndoo, vyote hivi ni vifungio. Ukimpa bibi harusi beseni lenye mchele, sabuni na mafuta, ukafunika kwa kitambaa safi, beseni ndilo karatasi yake. Na hapa tukumbuke desturi ya wazee wetu kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa kikapu cha mihogo, unakirudisha na hata maembe mawili. Karatasi ikichanwa, habari imekwisha. Kikapu kikirudi, ujirani umeendelea.

Nne, KARATASI INAYOKWENDA SHULE. Ikiwa lazima iwe karatasi, basi chukua kalenda ya mwaka unaokwisha, au karatasi ya kaki. Kalenda ni nene na ina picha. Upande wa nyuma mweupe mtoto anaweza kuchora maua na kuandika jina la mpewaji. Usiigandishe kwa gundi, ifunge kwa uzi wa katani au kamba ya kitambaa, ili ifunguliwe bila kuchanika. Ikifika Januari, ile ile iwe jalada la daftari. Kwa njia hii karatasi moja imefanya kazi tatu.

Tano, JANI LA MGOMBA. Hili ni kwa vyakula vya siku hiyo hiyo, kama vitumbua, mikate au mihogo ya kuchemsha. Lipitishe juu ya moto kidogo lilainike, ndipo lisichanike ukilikunja. Likimaliza kazi linarudi shambani kuwa mbolea. Gazeti lenye wino lisigusane na chakula chenye mafuta, liwekwe nje ya jani.

Tunatoa na maonyo mawili mazito. La kwanza, mifuko iliyokuwa na salfa au dawa yoyote ya mikorosho ISIFUNGIE CHAKULA wala nguo za mtoto, hata kama imefuliwa mara kumi. Dawa ile inapambana na ubwiriunga, haijatengenezwa kuliwa na watu. La pili, magunia ya korosho yaliyoko ghalani ni ya kazi ya msimu. Tusisikie mtu amekwenda kuchukua gunia la ushirika eti anafungia zawadi za Krismasi! Msimu wenye upungufu wa magunia sote tunaujua unavyouma. Gunia lako mwenyewe lililochakaa, hilo ni lako. Lifue, likate, lishone.

Vijana wetu wengine watasema hayo ni mambo ya kizamani. Basi tuwaambie habari za Japani, nchi inayotuletea pikipiki na magari. Wajapani wana kitambaa cha mraba cha kufungia vitu, wanakiita furoshiki. Jina hilo limetokana na maneno yao ya kuoga na kutandaza, kwa vile zamani watu walifungia nguo zao humo walipokwenda kuoga. Linakaribiana kwa sauti na furushi letu, lakini ni kwa bahati tu. Mwaka 2006 Waziri wao wa Mazingira, Yuriko Koike, alitoa furoshiki maalumu iliyofumwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki zilizokwisha kutumika, kuwahimiza wananchi wake wapunguze mifuko na makaratasi. Nchi yenye viwanda vya kila aina inarudi kwenye furushi, na sisi tunalisukuma chini ya meza!

Wenye maduka nao tumewasikia. Wanasema, "Mnatuharibia biashara." Ndugu zetu, hatusemi watu wasinunue. Tunasema wanunue kanga, wanunue kitambaa, wanunue beseni, vitu ambavyo navyo mnaviuza. Na fundi cherehani, na mzee anayesuka vikapu, nao ni wafanyabiashara wa hapa hapa, watoto wao wanasoma na watoto wetu.

Liko swali moja gumu ambalo hatutaki kulikwepa. Mama mmoja alituuliza, "Nikifungia kwa kanga yangu nzuri, na isirudi, je?" Ni kweli, vitambaa vingi hupotea hivyo, na watu huona haya kudai. Shauri letu ni hili: anayetoa aseme palepale. Aseme, "Hiki na kanga yake ni vyako," au aseme, "Mwenzangu, kitambaa nitakipitia." Kusema hivyo si uchoyo, ni uwazi. Na kila nyumba ishone alama yake pembeni mwa kitambaa, kwa uzi wa rangi, kama tunavyotia alama ndoo zetu kisimani. Kitambaa chenye alama kinajua njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo basi, Ndugu, kamati yetu inapendekeza mambo haya yazungumzwe katika mkutano ujao:

1. Katika shughuli zote za ushirika, mtangazaji ataje jina la mtoaji na kushukuru. Asitaje wala kusifu kifungio.

2. Liwekwe sanduku ofisini kwa karani, mafundi cherehani na wanakijiji watie humo vipande vya nguo na kalenda za zamani. Kikundi cha akina mama na wanafunzi walioko likizo washone mifuko.

3. Asiye na kifungio achukue kimoja bila malipo, na baada ya sikukuu arudishe kimoja, kile kile au kingine.

4. Watoto wakitoka jandoni na unyagoni, zawadi zao zifungwe kwa vitu wanavyoweza kuvitumia, ili wajifunze mapema.

Hatulazimishi mtu. Mwenye fedha zake na karatasi yake hatumfukuzi kwenye sherehe. Tunachokataa ni mtu mwenye zawadi njema kubaki nyumbani kwa kuona haya eti hana karatasi. Tukifika hapo, ndugu zangu, tumekwisha kugeuza sikukuu kuwa soko. Ushirika wetu ulijengwa na watu walioleta korosho debe kwa debe, na mizani haikumwuliza mtu kaja nazo katika chombo gani.

Tumemwomba yule mama wa furushi awe wa kwanza kutuonyesha namna ya kufunga siku ya mkutano. Amekubali, ila ametoa sharti: wale waliokaa viti vya mbele mwaka jana wabebe wenyewe mafurushi yatakayofungwa. Tumekubali sharti hilo. Tutabeba.

Mwenye maoni, ya kuunga mkono au ya kupinga, ayaandike katika karatasi na kumpa karani. Tutayabandika hapa hapa ukutani bila kuchuja.

Tunawatakia wote sikukuu njema, na Januari isiyo na madeni.

USHIRIKA NI NGUVU. KISICHOTUPWA HAKINUNULIWI TENA.

Mhariri,
kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukutani, Kiegei