ATAKAYE KUKUTAWALA HUANZA NA ELIMU YAKO

Ndugu wasomaji, tumeutazama mchezo wa televisheni uitwao 3 Body Problem, ambao kampuni ya Netflix ya Marekani ilianza kuuonyesha tarehe 21 Machi, 2024. Una sehemu 8. Wako watakaosema ni hadithi ya kubuni tu, ya viumbe wa sayari ya mbali. Sisi twasema ni somo la siasa, na aliyepata kutawaliwa atalielewa upesi kuliko mwingine.

Viumbe hao wanataka kuitwaa dunia yetu. Safari yao itachukua miaka 400. Hawaogopi mizinga yetu. Wanaogopa kwamba katika muda huo wanadamu watajifunza hata wawapite. Basi kabla hawajafika, wanatuma vyombo vidogo visivyoonekana kwa macho ili kuvuruga majaribio ya sayansi, na wataalamu wanaanza kujiua. Je, siasa hii ni ngeni kwetu? Mkoloni alipotubania shule alipiga hesabu hiyo hiyo.

Na nani aliyewakaribisha? Ni mwanadamu mwenzetu, Ye Wenjie wa China. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, alimwona baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa mbele ya umati. Akakata tamaa na wanadamu wote. Alipopata onyo kutoka huko mbali kwamba asijibu, yeye akajibu. Kisha tajiri mmoja, Mike Evans, akaongoza njama ya siri ya kuwangojea wavamizi, huku akiwaita Bwana. Sisi wenye chama tulishike jambo hili: nchi inayodhulumu watu wake huzaa vibaraka kwa mikono yake yenyewe.

Lakini tuna neno na watengenezaji. Hadithi hii ni ya Mchina, Liu Cixin, na kitabu chake kilitoka mwaka 2008. Wao wameyahamishia Uingereza mengi ya mambo ya siku hizi, na mashujaa wake ni watu waliosoma pamoja Oxford. China wameiachia hasa mateso ya zamani. Hilo hatulipendi hata kidogo. Wachina wenyewe walitoa mchezo wao wa sehemu 30 mwaka 2023, kwa lugha yao. Huo ndio mfano wa kufuata: mwenye hadithi aisimulie mwenyewe.

Hata hivyo twawashauri wananchi wautazame. Wavamizi wanawaambia wanadamu, "Ninyi ni wadudu." Wataalamu wanavunjika moyo, ndipo askari mpelelezi, Da Shi, anawakumbusha kwamba binadamu amewapiga vita wadudu tangu zamani, na wadudu bado wapo.

Basi, ndugu, tusiishie kutazama. Mtoto wa kike na wa kiume wapelekwe shule, wasome hesabu na sayansi. Hiyo ndiyo silaha ambayo kila mtawala huiogopa.