Sauti za wapiga simu redioni zisikatwe vichwa



Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu jinsi baadhi ya studio za redio zinavyozitendea sauti za wananchi wanaopiga simu.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, salamu zetu zilikwenda kwa kadi, na mtangazaji akazisoma kwa sauti yake. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa redio binafsi, simu za mkononi zikafuata, na leo mkulima wa Magugu au mfugaji wa Bashnet anasema mwenyewe hewani. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini yafaa nini mtu anunue vocha, angoje zamu yake nusu saa, kisha asisikike?

Kila likitokea tatizo tunaambiwa, "Mtandao unasumbua." Mara nyingine ni kweli. Simu ya kawaida hupitisha mawimbi ya sauti kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, basi. Herufi kama "s" na "f" zina nguvu zaidi juu ya hapo, ndiyo maana "futa" na "suta" huweza kuchanganyika. Hilo halimhusu fundi wa studio. Lakini yako mengine yanayomhusu.

Studio nyingi zina chombo kinachofunga njia ya simu mpigaji akinyamaza, ili kelele za upepo na pikipiki zisiingie hewani. Akianza kusema, kinafungua. Kikichelewa kufungua, kinameza mwanzo wa neno. Na katika Kiswahili mwanzo wa neno ndipo penye "ha" ya kukanusha, tena huanza kwa pumzi tu! Majuzi jirani yangu hapa Babati alipiga simu katika kipindi cha bei ya mahindi. Nilikuwa naye uani, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Hatutauza kwa bei hiyo." Redioni ilitoka, "Tutauza kwa bei hiyo." Mgeni aliyekuwa studioni akawapongeza wakulima kwa uelewa wao. Jirani yangu alipotaka kusahihisha, simu ilikuwa imekwisha kukatwa.

Kuna pia hili la mwangwi. Mpigaji anapaswa kurudishiwa sauti za studio zote isipokuwa yake mwenyewe. Fundi akisahau kuiondoa, inamrudia sikioni ikiwa imechelewa, na mtu akisikia maneno yake yakimfuata nyuma kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, ulimi unagongana. Anagugumia. Nimesikia wazee wenye hoja nzuri wakichekwa hewani kwa sababu hiyo, na mtangazaji akimwambia mzee ajipange kwanza ndipo apige tena. Huo si utani mzuri.

Watangazaji wana haki jambo moja, nalo ni pale wanapotwambia tupunguze sauti ya redio. Sisi wengine twaifungua mpaka mwisho ili majirani wasikie kwamba tumo hewani, sauti inaingia tena katika simu na kupiga mluzi. Hapo kosa ni letu.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Kabla ya kumpeleka mpigaji hewani, asemeshwe kidogo pembeni na fundi arekebishe kiwango cha sauti yake. Hicho chombo cha kufunga kilegezwe. Afadhali tusikie kuku wakilia kuliko kupoteza "ha". Mgeni wa studio akisema, sauti ya mwananchi isishushwe mpaka ikafa. Na mpigaji akitaja bei, idadi ya ng'ombe waliokufa au jina la kijiji kisicho na maji, mtangazaji alirudie na kumwuliza kama amesikia sawasawa, naye akiwa bado kwenye simu.

Msikilizaji,
Babati, Manyara.