Kuacha nyama si ukata wala uzungu

Kuna kijineno kimoja katika Kiswahili ambacho hufichua mengi yaliyomo nyoyoni mwetu. Kijineno chenyewe ni "tu". Mwulize mwanafunzi wa shule ya bweni alikula nini jana usiku, naye atakujibu: "Tulikula maharagwe tu." Sijapata kumsikia Mkenya akisema kwamba alikula nyama tu. Nyama haihitaji kuombewa radhi. Maharagwe, kunde na sukuma wiki ndivyo huletwa mezani kwa unyonge, mithili ya mgeni ambaye hakualikwa.

Nimelazimika kulitafakari jambo hili kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wetu wapo wanaoamua kuacha nyama. Baadhi yao huacha nyama pekee. Wengine huacha pia maziwa, mayai na kila kitokacho kwa mnyama. Sababu zao ni mbalimbali: afya, dini, huruma kwa wanyama au hali ya mfuko. Aghalabu hukabiliwa na shutuma mbili, kwamba wamefukarika au kwamba wamewaiga Wazungu. Mimi mwenyewe sijaonja nyama kwa zaidi ya miaka kumi, na shutuma zote mbili nimezizoea. Naona hazina mashiko.

Tuanze na hii ya uzungu. Ni kweli kwamba chama cha watu wasiokula nyama kiliundwa Uingereza mwaka 1847. Ni kweli pia kwamba neno "vegan", la kumtaja mtu asiyetumia chochote cha mnyama, liliundwa huko huko mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, kwa kuunganisha herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno "vegetarian". Hata hivyo, kuchelewa kwa neno si kuchelewa kwa jambo. Wakati Waingereza walipokuwa wakitafuta jina, jirani zetu wa Ethiopia walio waumini wa Kanisa la Orthodox walikuwa tayari, kwa karne nyingi, wakijinyima nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na katika Kwaresima yao ya siku 55. Hapa kwetu, Wajaini na Wahindu wengi wamelea watoto na wajukuu bila nyama. Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo lina waumini wengi Gusii na Nyanza kwa jumla, limehimiza ulaji wa namna hiyo tangu karne ya 19.

Na jikoni mwetu je? Nani alitufunza githeri ya Mlima Kenya, muthokoi wa Ukambani, au mbaazi za nazi ambazo watu wa Mombasa hula asubuhi kwa mahamri? Nani alitufunza kisamvu, kunde na mchicha wa nazi? Vyakula hivi havikuja kwa ndege. Anayeacha nyama hahitaji kwenda kununua vyakula vya pakiti vilivyotengenezwa ughaibuni kwa bei ya kutisha, kana kwamba bila hivyo atakufa njaa. Anahitaji kurudi jikoni kwa bibi yake.

Lugha yetu yenyewe ina la kusema katika mjadala huu. Mwingereza aweza kuagiza "beef" bila kumtaja ng'ombe, kwa kuwa jina la nyama hiyo lilitokana na Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka nchi yake mwaka 1066. Sisi hatuna pazia la aina hiyo. Nyama na mnyama ni shina moja. Asemaye "nyama" amekwisha kumtaja kiumbe aliyechinjwa. Sisemi kwamba sarufi inamkataza mtu kula. Nasema tu kwamba kijana anayesitasita kwa kumwonea mnyama huruma hakuleta wazo geni katika Kiswahili.

Ama kuhusu ukata, shutuma hii ndiyo yenye madhara zaidi. Sukuma wiki imepewa jina la kuvumilia: ni kitu cha kumsogeza mtu hadi siku ya mshahara. Managu, terere na saga zilikaa miaka mingi zikihesabiwa kuwa magugu au chakula cha wasio na uwezo. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia wamefanya kazi kubwa ya kuzirejeshea mboga za kienyeji heshima yake, na leo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Kwa upande mwingine, mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, kama vile soseji, katika kundi la visababishi vya saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo yamkini huisababisha. Je, ni nani kati ya mla managu na mla soseji anayestahili kuonewa huruma?

Hata hivyo, haki ni haki. Mfugaji wa Turkana au Samburu, ambako mvua ni ya kubahatisha na shamba halioti, hana budi kutegemea mifugo. Kumhubiria yeye habari za kuacha nyama na maziwa ni kukosa adabu. Ninazungumza na yule ambaye soko la mboga na nafaka li karibu naye, na ambaye ameamua mwenyewe.

Huyo ninamshauri mambo machache. Kwanza, aende polepole, kwani haba na haba hujaza kibaba. Aanze na siku mbili za wiki, kisha nne, huku akijifunza mapishi mapya. Pili, asiiondoe nyama na kuacha pengo. Anayeacha nyama akabaki na chipsi, mkate na soda hajaboresha lolote. Nyama ibadilishwe kwa maharagwe, kunde, mbaazi, njugu au ndengu, ambazo pwani huitwa pojo. Githeri ina hekima ndani yake, kwani mahindi na maharagwe hukamilishana: kilichopungua kwa huyu katika protini kipo kwa mwenzake. Kwa madini ya kujenga mifupa, uji wa wimbi ni hazina.

Tatu, na hili nawasihi hasa wasichana wetu, ajihadhari na upungufu wa damu. Madini ya chuma yaliyo katika mimea hufyonzwa mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Chungwa, ndimu au nyanya pamoja na chakula husaidia. Chai wakati wa kula huzuia. Basi chai ingoje. Nne, vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Anayekunywa maziwa na kula mayai huweza kuipata humo. Aliyeacha vyote sharti atumie vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mwili huwa na akiba, kwa hiyo madhara hukawia hata miaka kadhaa, lakini yakifika huharibu damu na mishipa ya fahamu. Asidanganywe na mtu kwamba imani au nia njema itatosha.

Lililo gumu kuliko yote haliko sahanini. Liko katika ujamaa wetu. Shangazi amekuchinjia kuku; wazee wamechinja mbuzi; utakataaje bila kuonekana umewakataa wao? Uzoefu umenifunza kutoa taarifa mapema, kwa heshima na bila mahubiri, na kula kwa furaha kilichobaki. Watu husamehe sahani isiyo nyama. Hawasamehe dharau. Mwacha mila ni mtumwa, wahenga walinena, lakini mila yetu ya msingi ni kuketi na kula pamoja, na hiyo haivunjwi na sahani ya kunde.

Walimu wenzangu, kijana atakapowajia na uamuzi huu, msimcheke darasani wala msimwite mla majani. Mwulizeni anakula nini badala ya nyama, na kama jibu lake ni dhaifu, mfundisheni. Nasi sote tujizoeze kusema kwamba tumekula maharagwe, kisha tuweke nukta hapo.